Maji, chai na tezi dume: ni nini hasa kinachomwamsha mzee usiku?

Mjomba wangu ana miaka 68, na kila akitaka kupanda basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, saumu yake huanza jana yake alasiri. Maji hagusi. Chai anaikataa, supu anaisukuma pembeni. Anaogopa kitu kimoja tu: basi lisimame watu wachimbe dawa, yeye awe wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda, amesimama kichakani akingoja mkojo uliomsumbua njia nzima na sasa hautaki kutoka, huku dereva anapiga honi na abiria wanachungulia madirishani.

Safari moja alifika na mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, unamchoma, na homa juu yake. Usiku ule, mtu ambaye hakuwa amekunywa chochote cha maana tangu jana yake, aliamka mara sita.

Jirani yake, mzee wa rika lilelile, ana tiba iliyo kinyume kabisa: lita tatu za maji kila siku, "kuisafisha tezi". Huyo naye halali.

Wazee hawa wawili wanabishana kila wakikutana, lakini imani yao ni moja. Wote wanadhani maji yanaishughulikia tezi yenyewe, mmoja akidhani yanaichokoza na mwingine akidhani yanaiosha. Maji hayaikuzi tezi dume wala hayaipunguzi. Yanaamua mambo mengine kabisa: mkojo kiasi gani unafika kwenye kibofu, unafika saa ngapi, na unakikuta kibofu katika hali gani. Hapo ndipo mazoea ya mtu yana nguvu, na nguvu hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, ingawa ina mpaka wake.

Jina lenyewe linachanganya

Watu husema "fulani ana tezi dume" kama wanavyosema ana malaria. Kila mwanamume ana tezi dume tangu tumboni mwa mama yake. Ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kinachochangia majimaji ya shahawa, na kwa kijana kina uzito wa gramu 20 hivi. Taabu yake ni mahali kilipowekwa: mrija wa kutolea mkojo unapita katikati yake, kama utambi ndani ya mshumaa. Tezi ikinenepa kwa ndani, mrija unabanwa.

Tezi hii inaweza kupatwa na mambo matatu yasiyofanana. Inaweza kuvimba kwa maambukizi, inaweza kupata saratani, na inaweza kutanuka kwa umri bila saratani yoyote. Hili la tatu ndilo ninalolizungumzia hapa. Ni jambo la kawaida mno: karibu nusu ya wanaume walio katika miaka ya hamsini wana dalili zake ndani ya tezi zikichunguzwa kwa darubini, na kwa wenye miaka 80 na zaidi idadi inafika wanane au tisa katika kila kumi. Halibadiliki likawa saratani. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana kujipima kwa maneno ya jirani hakutoshi.

Kinachoikuza ni homoni ikisaidiwa na miaka. Testosteroni ikiingia ndani ya tezi hugeuzwa na kimeng'enya kuwa homoni kali zaidi, inayofupishwa DHT, na hiyo ndiyo inayoiamuru tezi ikue. Tulilijua hili vizuri kupitia njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1974 watafiti walichapisha habari za familia za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika, ambako baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walipokuwa watu wazima, tezi zao zilibaki ndogo. Kutoka hapo ikatafutwa dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho kwa makusudi, ndiyo finasteride, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hawaelezwi wanapopokea majibu ya altrasaundi. Ukubwa wa tezi na ukubwa wa mateso haviendi pamoja. Yupo mwenye tezi ya gramu 80 anayekojoa bila taabu, na yupo mwenye gramu 35 anayehangaika usiku kucha. Tezi haifanyi kazi peke yake. Kibofu kinacholazimika kusukuma mkojo kupitia mrija uliobanwa hujenga misuli, kinakuwa kinene na chepesi kukasirika, kinataka kumwaga hata kikiwa hakijajaa nusu.

Kwa hiyo malalamiko ni ya aina mbili. Kuna ya mrija: mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatika na kuanza tena, unadondoka matone mwishoni. Na kuna ya kibofu: kwenda haja ndogo kila mara, kubanwa ghafla kiasi cha kukimbia, kuamka usiku. Mazoea ya kila siku hayaufungui mrija. Yanachoweza ni kukituliza kibofu na kupanga muda wa mkojo, na kwa bahati nzuri hayo ya kibofu ndiyo yanayomharibia mtu usingizi, safari na ibada.

Jagi na daftari

Kabla hujapunguza au kuongeza hata kikombe kimoja, pima. Chukua jagi la plastiki lenye alama za mililita, lile la jikoni, ila lisirudi tena jikoni. Kwa siku tatu andika kila unachokunywa, saa na kiasi, na kila unachokojoa, saa na kiasi. Mchana ukiwa kazini ni usumbufu, najua. Chagua siku za kukaa nyumbani.

Daftari hilo linaeleza mengi kuliko nusu saa ya kujieleza mbele ya daktari. Mara nyingi inaonekana mojawapo ya sura tatu.

Ya kwanza: vikojo vidogovidogo, mililita 80, 100, 120, mchana na usiku. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 300 hadi 500 bila shida, kwa hiyo hapa kuna kibofu kilichokasirika, au kibofu kisichomwaga chote kikabaki na nafasi ndogo tu ya kujaza.

Ya pili ndiyo inayowashangaza watu. Mchana ni sawa, lakini usiku kila safari ya chooni inatoa mililita 300 au 400. Jumlisha mkojo wote wa usiku pamoja na ule wa kwanza wa alfajiri. Kwa mtu aliyevuka miaka 65, ukizidi theluthi moja ya mkojo wote wa saa 24, basi anayekuamsha si tezi. Mwili wako unatengeneza mkojo mwingi saa ambayo ungetakiwa kupumzika. Mtu wa namna hii anaweza kufanyiwa upasuaji wa tezi, ukafanikiwa kabisa, na bado akaamka mara tatu, akalalamika kwamba amekatwa bure.

Ya tatu ni jumla kubwa kupita kiasi, zaidi ya lita tatu za mkojo kwa siku. Hapo ama unakunywa kupita haja yako, kama jirani wa mjomba, ama kuna jambo la kupimwa, na la kwanza ni sukari.

Mjomba alikuwa wa sura ya pili. Alipoona namba zake mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa haya maji yanatoka wapi, na mimi sinywi?" Swali zuri, nitalirudia.

Kunywa kiasi gani, na saa ngapi

Mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo na daktari wake, akipata lita moja na nusu mpaka mbili za vinywaji kwa siku anakuwa mahali pazuri. Na hapo namaanisha vinywaji vyote: maji, chai, uji, maziwa, juisi, supu. Ile amri ya "glasi nane za maji" inayozungushwa kwenye simu haihesabu chai ya asubuhi wala bakuli la uji, wala haihesabu tikiti maji, machungwa na mchuzi, ambavyo navyo huleta maji mwilini. Anayelima juani au kubeba mizigo Kariakoo mwezi wa Januari atahitaji zaidi, kwa kuwa jasho linachukua sehemu yake. Anayekaa ofisini kwenye kiyoyozi hahitaji. Rangi ya mkojo ni kipimo rahisi: njano hafifu inatosha. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba siku nzima, unakunywa kupita kiasi.

Kujikausha kunaleta mambo matatu mabaya kwa pamoja. Mkojo mzito unakichoma kibofu, nacho kinabana hata kwa kiasi kidogo. Bakteria wanapata utulivu, hasa kwa mtu ambaye kibofu chake huwa hakiishi mkojo. Na choo kinakuwa kigumu. Utumbo uliojaa, ukiwa jirani wa kibofu na tezi, unabana eneo lote. Ndivyo ilivyomtokea mjomba kwenye ile safari.

Kwa upande wa pili, anayekunywa lita tatu bila sababu anaweza kupunguza robo na kuona tofauti. Watafiti wa Bristol, Uingereza, walilijaribu hilo mwaka 2008 kwa watu wenye kibofu chepesi kukasirika: waliopunguza vinywaji kwa asilimia 25 walipungukiwa na safari za chooni, kubanwa ghafla na kuamka usiku. Lilikuwa jaribio dogo, la watu wachache, lakini linaafikiana na akili ya kawaida. Na ile tiba ya kuamka na kunywa lita moja na nusu kwa mkupuo? Kibofu kilichokasirika kikijazwa ghafla kinalipiza kisasi. Maji yaleyale yakigawanywa kikombe kimojakimoja hayana ugomvi.

Saa ndiyo yenye uzito kuliko kiasi. Sehemu kubwa ya vinywaji vyako imalizike kabla ya jioni. Saa mbili au tatu kabla ya kulala, funga. Acha funda mbili za kumezea dawa tu. Anayelala saa nne usiku anamaliza na chakula cha saa moja, na uji mwepesi au matunda yenye maji anayala mchana.

Katika mwezi wa Ramadhani mpango huu unageuka kichwa chini miguu juu, na hapa sipendi ushauri unaotolewa juujuu. Vinywaji vyote vya siku vinabanwa kati ya magharibi na alfajiri. Mzee anafuturu kwa uji, chai na juisi ya ukwaju, anaswali tarawehe akiwa amebanwa, anaamka mara nne, kisha daku anaongeza chai tena. Kinachosaidia ni kugawanya: kikombe kimoja au viwili wakati wa kufuturu, maji kidogokidogo mpaka saa tatu hivi, kulala bila kuongeza, halafu sehemu nzuri ya maji wakati wa daku, kwa kuwa hayo yatatoka asubuhi ukiwa macho. Chai ya futari iwe nyepesi. Anayetumia dawa za presha au za tezi azungumze na daktari kuhusu saa za kumeza kabla mwezi haujaandama.

Kahawa ya barazani

Kafeini hufanya kazi mbili: inaongeza mkojo kidogo, na inakichokoza kibofu moja kwa moja. Kazi ya pili ndiyo inayowatesa wenye tezi iliyotanuka. Na kafeini haimo kwenye kahawa tungu peke yake. Chai ya majani, ya maziwa au ya rangi, inayo. Soda za kola zinayo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinayo kwa wingi, na siku hizi nawaona madereva wa bodaboda wenye miaka hamsini wakivinywa kama maji.

Usiache kwa siku moja. Kichwa kitakuuma siku mbili tatu utakata tamaa. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, anza na cha usiku. Chai ya tangawizi, mchaichai au mdalasini bila majani inakupa joto na harufu bila kafeini. Baada ya wiki mbili rudi kwenye daftari uone. Wapo ambao kafeini haiwasumbui kabisa, na sioni sababu ya kuwanyang'anya kahawa yao.

Bia inaeleweka zaidi: ni kinywaji kingi, kinachozuia homoni ya kubania mkojo, kinachonywewa usiku. Chupa tatu za jioni hazihitaji maelezo marefu.

Miguu, chumvi na maji ya mjomba

Sasa turudi kwenye swali lake. Maji ya usiku yanatoka wapi kwa mtu asiyekunywa?

Sehemu yanatoka miguuni. Mtu akishinda amekaa au amesimama, maji hushuka na kukaa kwenye vifundo; vua soksi jioni uangalie kama zimeacha alama. Akilala, miguu inakuwa sawa na moyo, maji yale yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, kibofu kinajaa saa saba usiku. Dawa yake haitoki duka la dawa: alasiri, saa kumi au kumi na moja, lala chali saa nzima umeinua miguu juu ya mito, au tembea nusu saa. Mkojo utoke kabla hujaenda kitandani.

Sehemu inatokana na umri. Usiku ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zibanie maji, na uzeeni ongezeko hilo la usiku hupungua.

Na sehemu ni chumvi. Ukila chumvi nyingi mwili unashikilia maji mchana, kisha unaitoa chumvi hiyo usiku pamoja na maji. Watafiti wa Nagasaki, Japani, walieleza mwaka 2017 juu ya watu waliokuwa wakiamka usiku na wakila chumvi nyingi. Zaidi ya 200 kati yao walifanikiwa kushuka kutoka gramu 10.7 za chumvi kwa siku hadi gramu 8, na kuamka kwao kulishuka kutoka wastani wa mara 2.3 hadi 1.4 kwa usiku. Wale ambao chumvi yao ilipanda waliongezeka kuamka. Na gramu 8 bado ni nyingi. Huo ni mlo wa Kijapani wa samaki na supu za chumvi, lakini sisi nasi tuna dagaa wa chumvi, ng'onda, chipsi, supu ya mchemsho wa jioni, na kile kijiko cha chumvi mbichi kinachozunguka mezani pamoja na nyama choma.

Kama unatumia dawa ya presha ya kukojosha, muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi au mchana badala ya usiku. Na kama unakoroma sana, mkeo anasema pumzi inakatika ukilala, mweleze daktari hilo pia: pumzi inayokatika usingizini hulazimisha moyo kutoa homoni ya kukojosha. Miguu inayovimba mpaka magotini, au kuhema ukilala chali, ni habari ya moyo, isisubiri.

Vidonge vya mafua na majani ya miraa

Hapa ndipo nimeona madhara ya haraka kuliko ya maji au chai. Mzee anapata mafua, ananunua vidonge vya kuzibua pua. Vingi vina dawa za jamii ya pseudoefedrini, zinazokaza mishipa ya pua. Zinakaza pia misuli ya shingo ya kibofu na tezi. Vingine vina dawa za mzio za zamani kama chlorpheniramine, ambayo wengi wanaifahamu kama Piriton, na hizo zinakilegeza kibofu kisiweze kusukuma. Mlango umefungwa, msukumaji amelegea. Mtu aliyekuwa akikojoa kwa taabu anaamka hakojoi kabisa, anaishia kuwekewa mpira wa kutolea mkojo. Amitriptyline inayotolewa kwa maumivu ya mishipa nayo imo katika kundi la kuangaliwa. Ukienda duka la dawa, sema waziwazi kwamba tezi yako imetanuka.

Miraa, au mirungi, inakwenda njia ileile. Cathinone iliyomo inafanana na dawa hizo za kukaza. Utafiti uliofanywa Yemen katika miaka ya 1990 ulipima wanaume wazima wasio na ugonjwa, na kasi ya mkojo wao ilipungua walipotafuna. Ikiwa inampunguzia kasi kijana mzima, fikiria mwenye mrija uliobanwa, tena anaitafuna na soda usiku kucha. Wazee wa Mombasa na Eastleigh wanalijua hili kwa vitendo, ingawa wanalitaja kwa mzaha.

Chooni

Kaa, au chuchumaa. Mwaka 2014 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikusanya tafiti zilizolinganisha kusimama na kukaa. Kwa wanaume wasio na ugonjwa hakukuwa na tofauti, lakini kwa wenye matatizo ya tezi, waliokaa walibakiza mkojo mchache zaidi kibofuni. Waliofundishwa madrasa kuchuchumaa watacheka kwamba wamechelewa kuambiwa.

Usisukume kwa nguvu. Ukimaliza, tulia kidogo, simama, vuta pumzi, kaa tena ujaribu mara ya pili. Mara nyingi kilichobaki kinatoka. Matone yanayodondoka ukishavaa ni habari nyingine: huo ni mkojo uliobaki kwenye mkunjo wa mrija, nyuma ya korodani. Bonyeza taratibu kwa vidole pale nyuma ya korodani, ukisogeza mbele, utoke kabla hujafunga suruali. Kwa Mwislamu anayesumbuka na udhu, jambo hili dogo linaweza kumrudishia amani ya swala, na kwa ambaye matone hayakomi kabisa, hukumu yake ipo na inampa nafuu; amwulize shekhe wake bila haya.

Kuna na tabia ya kwenda "kwa tahadhari" kila upitapo choo. Kibofu kinajifunza kudai mapema. Ukibanwa ghafla na unajua ulikwenda nusu saa iliyopita, simama, kaza misuli ya kuzuia haja mara tano sita, subiri wimbi lipite, kisha tembea. Kukimbia kunalichochea. Ongeza dakika tano tano kila siku chache. Lakini usiligeuze hili kuwa shindano la kubana mkojo saa sita njiani. Kibofu kilichovutwa kupita kiasi kinaweza kugoma kabisa.

Magome, mbegu na matangazo

Matangazo ya "dawa ya tezi dume bila upasuaji" yako kila nguzo ya umeme. Sehemu yake ina asili ya kweli. Mti wa *Prunus africana*, ambao Wakikuyu wanauita mũiri, unaota kwenye misitu ya milima yetu, na magome yake yamesafirishwa Ulaya kwa miongo mingi kutengeneza vidonge vya tezi. Umebanduliwa kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2002 zilionyesha nafuu kiasi, ikiwemo kupungua kuamka usiku kwa karibu asilimia 19, ila zilikuwa ndogo na za muda mfupi. Kidonge kilichopimwa kiwandani na unga wa magome kwenye chupa ya maji stendi ni vitu viwili, hata mti ukiwa mmoja.

Zao la Marekani liitwalo saw palmetto lilijaribiwa vizuri zaidi, mwaka 2006 na tena 2011, mara ya pili kwa dozi iliyopandishwa mpaka mara tatu. Halikuishinda dawa ya uongo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mbegu za maboga ni chakula kizuri. Kula, lakini usiahirishe hospitali kwa ajili yake.

Ninachokiamini zaidi ni jaribio lililofanyika London, likachapishwa mwaka 2007. Wanaume 140 wenye dalili hizi waligawanywa: wote walipata huduma ya kawaida, lakini nusu yao walifundishwa pia kwa vikundi mambo haya haya ya kupanga vinywaji, kafeini, mazoezi ya kibofu na kubadilisha saa za dawa. Baada ya miezi mitatu, tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 42 ya wasiofundishwa, na asilimia 10 tu ya waliofundishwa. Hakuna anayeweza kuifunga elimu hiyo kwenye kichupa akaiuza elfu thelathini, na nadhani ndiyo sababu huioni kwenye nguzo.

Mpaka wa mazoea

Mkojo ukigoma kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usinywe maji zaidi "ili kusukuma". Damu kwenye mkojo, homa na baridi pamoja na kuchomwa, vyote ni vya kupelekwa. Na mzee aliyeanza kukojoa kitandani bila kuhisi, jambo ambalo familia hulificha kwa aibu, huenda kibofu chake kimejaa mpaka kinafurika, na figo zinaumia kimyakimya bila maumivu yoyote. Huyo asishauriwe kupunguza chai, apelekwe.

Hata asiye na hayo, akishavuka hamsini na dalili zinamsumbua, anahitaji kupimwa mara moja vizuri: mkojo, sukari, figo, altrasaundi ya mkojo unaobaki, na kama yeye na daktari wameafikiana, kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Kile kipimo cha kidole kinachotaniwa vijiweni huchukua muda mfupi kuliko utani wenyewe. Dawa zipo: tamsulosin hulegeza shingo ya kibofu ndani ya siku chache, ila simama polepole usije ukaanguka, finasteride hupunguza tezi, lakini inataka miezi sita. Anayemeza finasteride amkumbushe daktari, kwa kuwa huishusha PSA karibu nusu na majibu yanaweza kudanganya.

Mjomba sasa anatumia kidonge kimoja usiku, analala chali saa kumi na moja jioni ameinua miguu juu ya gunia la mchele, na kijiko cha chumvi kimeondoka mezani. Anaamka mara moja, usiku mwingine mara mbili. Siku ya safari anakunywa kikombe cha uji alfajiri na maji kidogokidogo njiani, anakata kiti cha mlangoni, na kabla basi halijaondoka anamwambia kondakta taratibu kwamba yeye huchelewa kidogo. Kahawa ya barazani amekataa kuiacha. Ameihamisha tu: anakunywa alasiri, kikombe kimoja, na wenzake wakija usiku anawaonyesha kikombe kitupu.